Alama Mbili za Pole

Kabla ya kuifungua saa ya mtu, Fundi Saa alikuwa na desturi ya kuipa pole. Aliilaza kifudifudi juu ya kitambaa cha kijani, akabana jichoni lenzi yake nyeusi ya kukuzia, na kabla bisibisi haijagusa mfuniko akasema kwa sauti ya chini, "Pole, mama," ikiwa ni saa ya kike, au "Pole, mzee," ikiwa ni ya kiume. Wateja walicheka. Walikuwapo walioapa kwamba saa zao zilianza kutembea palepale, kabla hazijaguswa. Mtaani wakambandika jina la Baba Pole, na jina likamkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake, maana hakubagua kati ya saa na binadamu. Aliyejikwaa mbele ya kibanda chake alipewa pole, aliyerudi kazini hoi alipewa pole, na aliyefiwa alishikwa mkono kwa mikono miwili akapewa pole isiyo na haraka.

Mkewe alikuwa mshonaji wa sare za shule, naye alikuwa na utani wake kwamba aliolewa kwa ajili ya sindano. Alikuwa kigoli, ameketi dirishani anashona, sindano ikamchoma kidole. Kijana aliyekuwa akipita njia akasimama, akakunja uso kana kwamba ni yeye aliyechomwa, akasema pole. "Uso wake uliumia kabla kidole changu hakijaumia," alipenda kumsimulia binti yao, "nikajua huyu ndiye."

Binti huyo ndiye mwenye kisa hiki. Alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, akisoma elimu ya ubongo na nafsi, na mchana akifanya kazi ya usaidizi katika maabara ndogo iliyochunguza jambo ambalo wengi hawadhani kwamba linahitaji kuchunguzwa: ni vipi mtu huyajua yaliyomo moyoni mwa mwenzake bila kuambiwa. Humo alijifunza kwamba uso wa yule kijana wa dirishani haukuwa muujiza. Tukimwona mwenzetu anaumia, baadhi ya sehemu za ubongo zinazoshughulikia maumivu yetu wenyewe nazo hushtuka. Na watu wawili wanaozungumza wakaelewana, mawimbi ya bongo zao huweza kukaribiana mwendo, kama wanaotwanga katika kinu kimoja. Aliyapokea hayo kama mtu anayeletewa ushahidi wa jambo alilokwisha kulijua nyumbani kwao. Tena aliamini, kama vijana wema wanavyoamini, kwamba kitu kikishapimika hakiwezi tena kudhulumiwa.

Maabara yenyewe ilikuwa vyumba viwili vilivyotengwa na kioo. Upande mmoja palikuwa na meza, viti viwili, sahani ya biskuti, kamera kwenye pembe ya dari, na kofia mbili za kitambaa za kupimia mawimbi ya ubongo, zilizojaa vifungo vya chuma na nyaya. Upande wa pili walikaa watazamaji gizani, wakiona bila kuonekana. Mgonjwa au mtu wa kujitolea aliketishwa pamoja na mwigizaji, mwanamke mcheshi aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, wakazungumza dakika ishirini. Na katikati ya mazungumzo mwigizaji alipatwa na mikasa midogo aliyoipanga. Watazamaji waliandika alichofanya yule mtu: alimtazama, hakumtazama, alimgeukia, hakumgeukia, alisema nini.

Kipimo hicho kilitoka ng'ambo kikiwa na vipengele ishirini na viwili, na Profesa, mkuu wa maabara, alimpa binti kazi ya kukitafsiri. Aliifanya kwa miezi minne, akilala na kuamka nayo. Kipengele cha saba kilimkera kuliko vyote. Katika lugha ya asili kilikuwa sentensi ndefu kama foleni: mhusika hutamka maneno yanayodhihirisha kwamba ameguswa na usumbufu wa mwenzake. Asubuhi moja, akipiga mswaki, jibu lilimjia likiwa limekamilika. Aliandika: Husema pole.

Profesa alilisoma akatabasamu. Alisema kwamba wenzao kule walihitaji mstari mzima kwa jambo ambalo sisi tunalibeba kwa silabi mbili. Tangu siku hiyo wote pale wakamwita Mfasiri, naye akalivaa jina hilo kama vazi jipya.

Mmoja tu ndiye aliyeuliza swali. Huyo alikuwa msaidizi mwenzake, aliyeitwa Rula kwa sababu katika kutoa alama hakuwahi kumhurumia mtu hata nusu. Rula alikuna kidevu akauliza itakuwaje kwa mtu anayesema tu.

"Anayesema tu nini?" Mfasiri alimjibu. "Hakuna mtu anayesema pole tu, kaka. Usiposikia kitu, utaisemea nini?"

Rula akaandika alama mbili kwa kila pole. Kipimo kikajaribiwa kwa watu mia na ishirini, kikaenda vizuri, kikapigwa muhuri.

Wakati huohuo, nyumbani, Baba Pole alikuwa akiondoka polepole bila kutoka mlangoni.

Ilianza na sukari. Mkewe alimkuta amesimama jikoni, anakula sukari kwa kijiko kutoka kwenye kopo, na alipomuuliza alimjibu kwamba ni tamu. Wakacheka. Kisha saa za watu zikaanza kukaa wazi kibandani wiki nzima, matumbo nje. Kisha jirani yao akafiwa na mumewe, na Baba Pole, mbele ya waombolezaji waliojaa ukumbi, akamwambia mjane kwamba marehemu alichelewa kila mahali maisha yake yote, angalau huku amewahi. Hakuna aliyecheka. Mkewe alitazama chini mpaka wakafika nyumbani, na huko akamuuliza kulikoni, naye akamuuliza kama kuna biskuti.

Siku nyingine pasi ilimwangukia mke mkononi, ngozi ikavimba papo hapo. Mumewe alikuwa ameketi hatua mbili kutoka pale. "Pole," alisema bila kuinua macho. "Chai bado?"

Hilo ndilo lililomtesa mama yule kuliko yote, kwamba neno lilikuwa limebaki. Angekuwa bubu, angejua kuna lililoharibika. Lakini pole ilitoka kwa wakati wake, kila alipoguna, kila alipodondosha kitu, hata alipopiga chafya. Ilitoka kama kibao kinachoning'inia juu ya duka ambalo mwenyewe alikwisha kuhama.

Kaka yake mama, ambaye Mfasiri alimwita mjomba, hakuona fumbo lolote. Kwake ilikuwa dharau. Alisema wanaume wengine hujibana ujana wote, wakizeeka hutapika yaliyokuwa tumboni. Na kwamba mtu anayekumbuka kusema pole hajasahau kuwa una mkono, ila haujali tu. Aliongeza kwamba kwake kuna chumba, kina dirisha zuri kwa cherehani, na dada yake hakuzaliwa kuwa mkeka wa mtu kufutia miguu.

Mama alilisikiliza hilo la chumba kwa miezi. Halafu Jumapili moja, akiwa anapinda sketi za shule, alimwita bintiye.

"Mwanangu, wewe unasoma vichwa vya watu. Mimi nataka kujua kitu kimoja tu. Baba yako anaumwa, au amenichoka? Akiwa anaumwa, nitamlisha, nitamwogesha, na nitamzika nikiwa mke wake. Lakini kama ni mzima, na anafanya haya huku ananiona..." Aliukata uzi kwa meno.

Mfasiri akaona mlango. Alijua kuna ugonjwa unaokula sehemu ya mbele ya ubongo taratibu, unaoacha kumbukumbu na mikono ya kazi lakini unazima ile hali ya kumwona mwingine kuwa ni mtu. Kliniki ya chuo iliyokuwa jirani na maabara ilipiga picha za kichwa. Ila foleni ilikuwa ndefu, na aliyeanguka chini ya kiwango katika kile kipimo ndiye aliyevushwa mbele. Akaenda kumwomba Profesa, naye Profesa akakubali, kwa sharti moja la haki: binti asimpime baba yake. Alama zingetolewa na Rula. Mfasiri alifurahi. Hakuwa na mtu wa kumwamini zaidi ya Rula, maana Rula hakumwonea mtu haya, na wiki mbili tu baadaye mama yake angekuwa na jibu mkononi.

Siku ilipofika, Baba Pole alivaa koti lake la zamani na kuja bila ubishi. Kwenye ngazi alikutana na Rula, akampima kwa macho toka juu hadi chini.

"Wewe kijana umekonda kama mshale wa sekunde," alimwambia. "Na bado unachelewa."

Rula alicheka mpaka akashika ukuta. Baadaye, ndani ya chumba cha giza, alimnong'oneza Mfasiri kwamba mzee wake hana shida, mcheshi kuliko wao wote. Mfasiri alikuwa amebandika uso kwenye kioo.

Walimvika kofia. Nyaya zilimshukia mabegani, naye hakuuliza ni za nini. Mwigizaji, naye amevaa kofia yake, akaketi mbele yake, akamwamkia kwa heshima, akaanza kumuuliza habari za saa, na mzee akazungumza vizuri tu, kwa mpangilio. Alieleza tofauti ya saa ya kujaza na saa ya betri, huku mkono wake ukienda na kurudi kwenye sahani ya biskuti kama cherehani.

Dakika ya nne mwigizaji alinyanyuka kuvuta kiti, akaligonga goti lake kwenye kona ya meza. Alilifanya vizuri hata Mfasiri, aliyeliona mara mia, akajikuta ameshika goti lake mwenyewe.

"Pole," alisema Baba Pole. Macho yake yalikuwa kwenye sahani. Kalamu ya Rula ikakwaruza karatasi: mbili.

Dakika ya tisa kikombe cha maji kilipinduka juu ya daftari la mwigizaji, na mwigizaji akatoa sauti ya mtu aliyepoteza kazi ya mwaka mzima. Maji yalielekea kwenye biskuti. Mzee aliinua sahani, akaiweka mapajani. "Pole," alisema. Mbili.

Dakika ya kumi na tano simu ya mwigizaji ililia. Alisikiliza, sura ikamporomoka, akasema kwa sauti iliyokatika kwamba mama yake amekimbizwa hospitali na hajitambui. Hapo ndipo hata watu wakali hunyoosha mkono.

"Pole," alisema Baba Pole, sauti ileile, kimo kilekile. Akatafuna. "Hizi zimebaki mbili. Unakula?"

Rula akaandika mbili.

Katika kioo Mfasiri aliona mambo mawili yamelaliana: uso wa baba yake ng'ambo, mtulivu kama sinia, na uso wake mwenyewe juu yake, umekunjamana kana kwamba yeye ndiye aliyepigiwa ile simu. Alitambua kwa mara ya kwanza, si kwa kusoma bali kwa kuona, kwamba anayemtafuta hayumo tena mle. Na alitambua papo hapo kwamba karatasi ya Rula itasema yumo.

Matokeo yalikuwa thelathini na sita. Kiwango kilikuwa thelathini na mbili. Mtu akiondoa sita za pole, zinabaki thelathini.

"Futa zile sita," alimwambia Rula. "Uliona mwenyewe. Hakumtazama hata mara moja."

"Kutotazama nimemkata kwenye kipengele cha tatu na cha tano," Rula alijibu, naye hakuwa na raha. "Cha saba hakiulizi macho. Kinauliza kama alisema. Alisema. Dada, maneno ni yako, mimi nina kalamu tu."

Alikwenda kwa Profesa akiwa bado ana karatasi mkononi. Profesa alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, na ubaya wa mambo ni kwamba hakuwa mtu mbaya. Alikubali kwamba kipengele kina kasoro. Alikubali kwamba huenda lile neno limekuwa kwa mzee kama kikohozi, linatoka bila mwenyewe. Mfasiri akamkumbusha mawimbi: si kofia imeonyesha kwamba ubongo wa mzee na wa mwigizaji haukukutana popote dakika zote ishirini? Profesa akatikisa kichwa. Alieleza kwa upole kwamba mawimbi yale husema kitu ukiwa na watu mia. Kwa mtu mmoja, siku moja, kofia ikiteleza kidogo, hayasemi kitu ambacho daktari anaweza kukitegemea. Yalikuwa ya utafiti, hayakuwa ya tiba.

"Basi usiiandike hiyo barua ya matokeo ya kwenda nyumbani," Mfasiri alimsihi.

"Mwanangu, angepata ishirini ungeniomba nisiandike?" Profesa alivua miwani. "Mizani unayoibadilisha kwa sababu ya uliyempandisha juu yake, hiyo si mizani tena. Andika kasoro uliyoiona, tutakirekebisha kipengele kwa toleo lijalo. Baba yako atabaki kwenye foleni ya kawaida. Barua inabidi iende."

Alikuwa amesema kweli yote, na kweli yote haikumsaidia.

Barua ilikwenda nyumbani, kwa kuwa mama ndiye aliyetia sahihi ya ridhaa. Mfasiri alikimbia kuiwahi akaikuta imekwisha kufunguliwa, imelazwa juu ya cherehani. Mama alikuwa amevaa miwani ya kushonea. Alimsomea sentensi ya katikati taratibu, kama anayesoma vipimo vya mteja: uwezo wa mhusika wa kutambua na kuitikia hisia za wengine uko katika kiwango cha kawaida.

"Mama, hiyo karatasi imekosea."

Mama aliuliza imekosea wapi, na binti akamweleza kila kitu: goti, maji, simu, biskuti, alama mbili mbili za pole mpaka zikawa sita, na neno lenyewe linavyomtoka kama kikohozi. Alieleza kwa pupa, akirudia, akichora mezani kwa kidole. Mama alisikiliza bila kumkatiza. Mwishoni aliuliza swali moja, nani aliyeandika kwamba pole ni alama mbili.

"Mimi."

"Wewe." Mama alicheka kicheko kisicho na meno wala macho. "Kumbe. Kwa hiyo ulipokuwa huna baba mtihanini, pole ilikuwa moyo. Leo baba yako kaupasi, pole imekuwa kikohozi."

"Mama, nilikuwa namfikiria yeye. Nilivyoandika vile, nilikuwa namfikiria baba wa zamani."

"Najua. Na mimi ndiye niliyeishi naye miaka yote nikimfikiria huyohuyo." Aliikunja barua mara nne, ikawa ndogo kama kipande cha kitambaa. "Ungeniletea kwamba anaumwa, ningembeba mgongoni. Mmeniletea muhuri unaosema ananiona. Anauona mkono wangu ukiungua, anaelewa, halafu anaulizia chai. Sasa mimi nifanye nini na hilo?"

Mfasiri alisema asubiri picha ya kichwa. Mama akauliza ni lini. Hakuna aliyejua ni lini.

Mjomba alikuja Jumamosi asubuhi na gari dogo la mizigo. Cherehani ilitangulia, halafu meza, halafu masanduku mawili. Baba Pole alikuwa ameketi sebuleni na saa ya ukutani mapajani, akiigeuza bila kuifungua. Mkewe alisimama mbele yake akiwa amekwisha kujitanda khanga ya safari. Binti, aliyekuwa ameegemea mlango, aliona kwamba mama yake hakuwa ameamua bado. Mguu mmoja ulikuwa ndani. Alikuwa anampa mumewe mtihani wa mwisho, wenye kipengele kimoja, usio na mtazamaji nyuma ya kioo.

"Baba," alimwambia, kama alivyomwita miaka yote, "mimi naondoka. Sirudi."

Mzee aliinua uso. Kwa nukta moja ilionekana kana kwamba kuna mtu anakuja kutoka mbali kufungua mlango.

"Pole," alisema. "Ufunguo wa kabati la sukari unao wewe?"

Mama alifungua pindo la khanga, akautoa ufunguo, akauweka kiganjani mwake, akavifunga vidole vyake juu yake kimoja kimoja. Gari lilikuwa halijaondoka mlangoni pale kabati liliposikika likifunguliwa jikoni.

Miezi mitano Mfasiri aliishi na baba yake peke yake. Alijifunza kumwogesha na kumfichia biskuti, na kuomba radhi mtaa mzima kwa niaba yake. Kibanda kilifungwa. Chuoni alikiandika upya kipengele cha saba: Husema neno la kufariji, na macho au mwili wake humwelekea aliyeumia. Profesa alilitaja jina lake kwenye ripoti, na wenzake wakampongeza; Rula peke yake hakumpongeza, akamwachia juu ya meza karatasi ya siku ile, yenye zile mbili mbili mbili, akiwa amezizungushia wino mwekundu.

Mwezi wa sita zamu ya picha ikafika. Daktari aliiweka kwenye mwanga na hakuhitaji kueleza sana. Nyuma ubongo ulijaa fuvu vizuri. Mbele ulikuwa umenywea, mifereji imetanuka, kama kitambaa cha pamba kilichofuliwa na maji ya moto. Alikadiria kwamba maradhi yalianza zaidi ya miaka mitatu nyuma, kabla ya msiba wa jirani, pengine kabla ya sukari. Dawa ya kuyarudisha nyuma hakuna. Aliuliza kama kuna neno ambalo mzee hulirudiarudia, kwa kuwa katika maradhi haya huwa mara nyingi liko moja. Mfasiri akamwambia ndiyo, liko.

Hakusubiri hata chakula cha mchana. Alimwacha baba yake kwa jirani, yule mjane, ambaye alikubali kwa kuinua bega. Akaenda na ile picha kwa mjomba, moyo ukimwenda mbio kwa kitu ambacho aliona haya kukiita furaha. Anaumwa. Mama alisema akiwa anaumwa.

Alimkuta dirishani, mbele ya cherehani, anashona vifungo kwa mkono. Alikuwa amenenepa kidogo, na uso wake ulikuwa umelala usingizi wa kutosha. Hakuinuka, ila alisogeza vitambaa ili binti apate pa kukaa. Mfasiri aliinua picha dirishani, mwanga ukapita katikati ya kichwa cha baba yake, akaanza kueleza: hapa, mama, tazama, na hapa, si dharau, hakukuchoka, hakukuona, hakuwepo wa kukuona.

Mama alitazama muda mrefu. Kisha aliulizia muhuri. Binti akamwonyesha chini pembeni.

"Ndio uleule," mama alisema. "Hata ile barua ya kwanza ilikuwa nao."

"Lakini hii ni picha, mama. Hii si maneno yangu."

"Naamini." Alirudisha macho kwenye kifungo. "Usinione mjinga, mwanangu, naamini kabisa. Ila umechelewa. Ile barua ilinipa ruhusa ya kumchukia, kwa maandishi, nikaitumia. Miezi mitano nimeamka kila siku nikamchukia, nikaweza mpaka nikapona. Sasa unataka nimchukie nani? Kichwa? Nirudi nikamwogeshe mtu ambaye nimekwisha kumzika?"

"Ulisema akiwa anaumwa..."

"Nilisema. Nilikuwa mke wake niliposema." Sindano iliteleza juu ya kifungo, ikamzama mama kidoleni, akashtuka, akavuta hewa kwa meno, na tone jekundu likajitokeza.

"Pole, mama," alisema Mfasiri, "lakini tazama huku mbele, hii mifereji, daktari kasema kabla hata ya..."

Mama alikuwa ameacha kushona. Kidole chake kilikuwa bado hewani, damu ikikiteremkia. Hakukitazama kidole. Alikuwa akiyatazama macho ya binti yake, ambayo yalikuwa kwenye picha.

"Hizo ni alama mbili," alisema mama.

Akakitia kidole mdomoni, akakinyonya, akachukua kifungo kingine.